Chumba cha Mama na Kuta za Bolti

Jumamosi, tarehe kumi na saba, mwezi wa kwanza. Upepo mkavu tangu alfajiri, vumbi jekundu mpaka ndani ya chai, na moshi wa nyasi zinazochomwa umeificha milima ya upande wa Congo. Hakuna hata wingu moja.

Leo mama yangu amehama kutoka nyumba niliyomjengea. Hakwenda mbali. Ni hatua kama arobaini, kutoka mlango wa ndugu yangu mpaka nyuma ya ghala la mtama, ambako wanawake wa kijiji wamemkandikia nyumba ya udongo. Kiti chake alikibeba mwenyewe. Nilipotaka kumpokea alisema, "Acha, hiki hakina uzito," akapita.

Naandika ili niseme ukweli wakati bado nauona. Watu wa hapa Logiri wataanza kusema kwamba ndugu yangu mdogo amemfukuza mama. Si kweli, au si kweli yote. Wengine watasema ni mimi niliyeleta nyumba ya ajabu kutoka Koboko, na hiyo ina ukweli kuliko ninavyopenda. Nitajaribu kugawa lawama kama tunavyogawa nyama ya ukoo, kila mtu na fungu lake. Ila fungu langu najua mkono utataka kulipunguza. Anayesoma alikumbuke hilo.

Lakini nani atasoma? Naandika Kiswahili kwa sababu nyumbani hakuna anayekisoma. Kwetu hii ni lugha ya askari na ya wachuuzi wa mpakani. Baba alirudi nayo kutoka jeshini, mimi nikaiongeza kazini. Shule niliishia darasa la sita. Maneno tuliyosema nyumbani tuliyasema kwa Kilugbara, na mimi hapa nayageuza, kwa hiyo kama yamepoteza chumvi kosa ni langu, si la waliosema.

Kabla ya Koboko nilikuwa nachanganya zege Arua mjini, namsaidia fundi wa matofali. Kazi ya tofali ni kazi ya majuto. Ukikosea leo, kosa litakutazama miaka yote. Ndiyo maana nilipopata kazi Koboko, kwa kampuni moja iliyokuwa inajenga madarasa na wadi za zahanati kwa paneli, nilijisikia kama mtu aliyesamehewa.

Paneli ni kipande cha ukuta kilichokwisha kutengenezwa kiwandani: bati huku, bati huku, povu gumu katikati. Kinafika kutoka sakafuni hadi darini, na upana wake ni hatua moja ndefu ya mtu mzima. Unaweka reli sakafuni, reli nyingine juu, unasimamisha paneli, unafunga bolti. Ukitaka darasa moja liwe mawili, unaingiza ukuta katikati. Watoto wakiongezeka, unautoa. Nakumbuka zahanati moja ambako tulisogeza ukuta wa wadi wakati wagonjwa wako nje wanakula. Waliporudi walikuta nafasi ya vitanda vitatu zaidi, na mama mmoja mwenye mguu uliofungwa alisimama mlangoni akakataa kuingia, akidhani amepotea njia. Tulicheka. Mimi nilicheka sana.

Injinia wetu alikuwa na neno lake alilopenda: "Nyumba ndiyo ifuate watu, si watu waifuate nyumba." Nililiandika nyuma ya daftari. Sikuwahi kusikia mtu akizungumza hivyo juu ya ukuta. Kwetu ukuta ni ukuta. Unazaliwa unaukuta, unaoa, unausukuma kwa bega siku umelewa, haujali.

Aliyekuwa na mashaka ni mwenzangu mmoja kutoka ng'ambo, Congo, mtu mrefu aliyekuwa anashika juu wakati mimi nafunga chini. Alikuwa anagonga paneli kwa kidole na kuitikisia kichwa.

"Ukuta hii iko kama mutu ya safari," alisema. "Leo iko hapa, kesho iko kule. Haina kwao."

"Ndiyo uzuri wake," nilimjibu.

"Haya. Basi mie nauliza, mzee," akamgeukia injinia. "Mutu na bibi yake wakigombana ndani ya nyumba hii, nani anashika spana?"

Watu walicheka mpaka wa juu ya paa wakauliza kuna nini. Injinia naye alicheka, akasema spana zinakaa stoo. Ilikuwa kweli. Kila spana ilikuwa inaandikwa ikitoka na kuandikwa ikirudi, na ukuta haukusogezwa mpaka mkuu wa shule au daktari atie saini. Sikulitia akilini jambo hilo. Niliona ni usumbufu wa ofisi tu.

Kazi ya pale ilipoisha zilibaki paneli zenye mikwaruzo na zilizobonyea pembeni, ambazo kampuni haikutaka kuzirudisha. Tukaruhusiwa kuzichukua. Wengine walifanya mabanda ya kuku. Mimi nilipakia zangu juu ya lori lililokuwa linashuka Arua, nikakaa juu yake nikizishika kama mtu anayempeleka bibi harusi.

Nyumbani, kiwanja alichotuachia baba kina sehemu moja tu iliyo sawa. Pengine pote panateremka kuelekea kijito. Na juu ya sehemu hiyo iliyo sawa ilisimama nyumba ya mama, msonge wa udongo na nyasi ambao baba aliichomeka miti yake na mama akaukandika kwa mikono. Mimi nilikuwa mgongoni mwake kwa ubeleko, alinihadithia. Kila mwezi wa kumi na mbili, kabla ya Krismasi, aliukandika upya. Kwetu ndivyo ilivyo: mwanamume anasimamisha miti, lakini ukuta ni wa mwanamke. Mke asiye na ukuta wake mwenyewe wa kukandika, na mafiga yake matatu ndani, bado ni mgeni.

Mimi na ndugu yangu tulikubaliana kujenga nyumba moja ndefu. Yeye na familia yake upande wa kushoto, mimi na familia yangu upande wa kulia, mama katikati. Nilichora kwenye mchanga. Chumba cha mama kingekuwa na upana wa paneli tano. Kuta mbili zinazomtenga na sisi zingekaa juu ya reli, ili siku ya harusi au ya Krismasi tuzifungue na nyumba yote iwe ukumbi mmoja.

Mama alitazama mchoro kwa muda mrefu. Aliuliza swali moja.

"Chumba changu kitakuwa na mlango wake?"

"Mlango wako, mama. Wa kwako peke yako. Unatoka unapotaka, unaingia unapotaka, hupiti kwa mtu."

"Basi vunjeni."

Tuliuvunja msonge kwa asubuhi moja. Udongo wake tuliurundika nyuma ya ghala. Mama hakuangalia. Alikuwa amekwenda kanisani siku ambayo haikuwa ya kanisa.

Nyumba ilipokwisha watu walikuja kuitazama mpaka kutoka Kuluva. Kila aliyefika aliigonga. Sijui kwa nini, lakini hakuna aliyepita bila kugonga.

"Ndani yake mna nini?" aliuliza mzee mmoja.

"Povu, mzee."

"Povu la godoro?"

"Gumu kidogo kuliko hilo."

"Kumbe mnalala ndani ya godoro!" Na jina likashika. Mpaka leo ukiuliza njia ya kwetu utaambiwa, pita kisima, utaona nyumba ya godoro.

Mwezi wa kumi na mbili wa kwanza mama aliamka mapema, akachanganya udongo na samadi na majivu kama miaka yote, akawaita wanawake wawili wa rika lake. Wakakandika chumba chake kwa ndani, ukuta wote, juu ya bati. Nilikuwa nimekuja likizo. Nilijua kwamba haitashika. Sikusema, kwa sababu nilimwona anafurahi, au kwa sababu nilitaka kuona itakuwaje. Sijui ni ipi kati ya hizo. Udongo ulikauka vizuri, ukawa na rangi ya kijivu yenye kung'aa, na mama akachora kwa vidole ile mistari yake ya mawimbi. Baada ya siku sita, tukiwa tunakula mchana chumbani kwake, ulitoa sauti kama ya kitambaa kinachochanika, na ukuta mzima ukashuka kama ngozi juu ya sahani zetu.

Ndugu yangu aliangua kicheko. Mimi nikafuata. Mama alichukua ufagio.

"Ukuta huu haunikubali," alisema. Hakujaribu tena.

Sasa nifike kwenye paneli zenyewe, moja baada ya nyingine, maana hapo ndipo watu watakosea.

Ya kwanza aliichukua ndugu yangu, lakini aliniomba. Mke wake alikuwa amejifungua mapacha juu ya watoto wanne aliokuwa nao. Mimi nilikuwa nyumbani. Tulimwendea mama pamoja, naye akasema, "Watoto ni watoto. Sogezeni." Nilimwonyesha ndugu yangu namna ya kulegeza bolti nne za juu kwanza, halafu za chini, asije akaangukiwa, na namna ya kusukuma wote wawili kwa pamoja ili reli isipinde. Ukuta ulitembea hatua moja kuingia kwa mama. Kazi ilituchukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha maharagwe. Ndugu yangu alishangaa sana. Alikuwa anaufungua na kuufunga kama mtoto aliyepewa redio. Nikampa spana yangu ya akiba akae nayo. Mkono uliompa ni wangu.

Ya pili niliichukua mimi. Binti yangu mkubwa alikuwa amerudi kutoka shule ya bweni Arua na hakuwa na pa kuweka kitanda. Nilimkuta mama nje anabambua karanga.

"Mama, naomba hatua moja upande wangu."

Aliendelea kubambua. "Umeshafungua bolti?"

Nilikuwa nimezifungua.

"Sogeza tu, baba," alisema. Ananiita baba kwa sababu nina jina la baba yake, na anaponiita hivyo huwa siwezi kujua kama ananibembeleza au ananikumbusha. Sikumtazama usoni. Nilikuwa na haraka, gari la Koboko lilikuwa linaondoka saa nane. Nimejiuliza mara nyingi kama ningemtazama ningeacha. Nadhani nisingeacha.

Ya tatu ndugu yangu aliichukua mimi nisipokuwepo. Na hapa lazima nieleze vizuri. Chumba cha mama kilikuwa kimebaki paneli tatu kwa upande wa mbele, na mlango wake ulikuwa kwenye ile ya karibu na ndugu yangu. Aliposogeza ukuta, mlango wa mama ulibaki kwake. Mama akawa na paneli mbili na dirisha. Ili apate kutoka, ndugu yangu aliondoa kipande kimoja cha ukuta wa kati, akatundika pazia la maua. Tangu hapo mama alikuwa anapita katikati ya sebule ya mkwe wake ili afike nje, na akirudi anabisha kwanza, "Hodi, mama wa mapacha," ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kitanda chake kiliingia kwa upande mmoja tu. Meza ilitolewa nje, ikanyeshewa na mvua, ikavimba. Chungu chake cha maji kilihamia jikoni kwa mke wangu. Wageni wake waliacha kuingia. Walikaa naye nje chini ya michirizi ya paa, na jua likifika hapo waliaga.

Haya yote niliyakuta mwaka jana, mwezi wa tano. Nilikasirika. Lakini nataka niandike nilichofanya, si nilichohisi. Kuhamisha paneli yenye mlango ni kazi ya nusu siku. Nilimwambia mama, "Nikija mara nyingine nitakurudishia mlango wako." Nikarudi Koboko. Huko tulikuwa tunabadilisha zahanati nyingine, na mimi kwa mikono hii nilihamisha milango saba, kwa ajili ya watu nisiowajua majina. Nyumbani nilikuja mwezi wa sita, mwezi wa nane, mwezi wa kumi. Kila mara kulikuwa na jambo. Mama hakuniuliza. Mtu asiyekuuliza ni rahisi sana kumsahau, hata kama unamwona.

Wiki moja kabla ya Krismasi nilifika nikiwa nimeamua kusema. Ndugu yangu alikuwa anapakia magunia ya mihogo ya kupeleka sokoni Inde.

"Mlango wa mama uko kwako," nilimwambia.

"Najua ulipo. Watoto wangu wanaupiga mateke kila asubuhi."

"Ulimuuliza kabla ya kuuchukua?"

Aliweka gunia chini. "Nilimuuliza kama wewe ulivyomuuliza."

"Maana yake nini?"

"Maana yake nilikuwa nimeshafungua bolti."

Kumbe alikuwa ameona siku ile.

"Wewe ndiye uliyekuja na maneno hapa," aliendelea, na hakuwa anapiga kelele, ingekuwa afadhali. "Nyumba ifuate watu. Haya, imefuata. Mimi niko na watu wanane. Wewe watu wako ni wanne, na wewe mwenyewe ni mgeni wa mwisho wa mwezi. Nani anamchotea mama maji? Nani alimpeleka Kuluva hospitali alipougua kifua? Mke wangu alimbeba mgongoni mpaka barabarani. Wewe ulipiga simu."

Ni kweli. Nilipiga simu. Mara mbili.

"Sasa nirudishe paneli?" aliuliza. "Sema. Nitarudisha leo. Wale mapacha watalala kwako?"

Sikusema. Chumba changu kile cha paneli moja ya mama kilikuwa kimejaa kitanda cha binti na magunia ya ufuta ya mke wangu. Mlango ungeweza kurudi kwa mama siku hiyohiyo kama sisi wote wawili tungerudisha. Yeye alikuwa tayari, au alijua kwamba mimi siko tayari, na hilo lilimtosha. Mama alikuwa nyuma ya pazia la maua. Povu linazuia joto, pazia halizuii kitu. Alisikia yote.

Siku ya pili baada ya Krismasi alifariki mmoja wa wale wanawake wawili waliokandika naye lile bati. Tulikwenda matangani. Marehemu alikuwa amelazwa ndani ya nyumba yake, msonge kama ule tuliouvunja, mkeka chini, na wanawake wa rika lake wamekaa wameuzunguka mwili, migongo yao imeegemea ukuta aliokandika mwenyewe. Wanalia, wanaimba, wanamsema, wanamcheka alivyokuwa mbishi. Sisi wanaume tulikaa nje na tulisikia mpaka vicheko. Kwetu mwanamke hatolewi kwenda kaburini kutoka sehemu nyingine. Anatoka kwake, kwa mlango wake.

Tulirudi kwa miguu, mama mbele, mimi na ndugu yangu nyuma. Karibu na kisima alisimama, akatungoja.

"Siku yangu," alisema, "wanawake watakaa wapi?"

Alitazama mmoja, akatazama mwingine.

"Nauliza tu. Pale ndani, nikilazwa mimi, anaweza kuingia mtu mmoja. Akiwa mwembamba."

Na mimi, mimi fundi, nikajibu. Nilidhani nina jibu zuri, nilifurahi hata kulipata. Nilisema, "Mama, usiogope hilo. Siku hiyo tutafungua kuta zote mbili. Nyumba nzima itakuwa ukumbi. Watakaa hata wanawake sitini."

Ndugu yangu alinitazama kama mtu anayemwona mwenzake anakanyaga nyoka.

Mama alifunga kanga yake vizuri kiunoni.

"Kwa hiyo mpaka nife," alisema, "ndipo nipate nafasi."

Akaondoka.

Asubuhi yake aliwapitia wanawake wa kanisa, akampitia mzee wa ukoo, kisha akaja akasimama nyuma ya ghala juu ya lile rundo la udongo wa msonge wake wa zamani. Majani yalikuwa yameota juu yake. Akapiga kwa kisigino.

"Bado ni mzuri," alisema. "Leteni miti."

Nilimwambia nina njia bora. Nilikuwa na paneli mbili zilizobaki Koboko, ningemwongezea, ningemrudishia mlango, ningefunga kuta zake kwa mkorogo wa zege zisisogee tena kamwe. Hayo yote ningeyafanya kweli, nadhani.

"Ukuta wako ni mzuri, baba," alisema. "Una adabu sana. Mtu yeyote akiuambia sogea, unasogea. Mimi nataka usiosikia."

Basi tukajenga. Ndugu yangu alikata miti na nyasi, na niandike hapa kwamba aliwahi kuliko mimi kila siku na hakulalamika. Mimi nilipewa kazi ya kuchota maji ya kukorogea udongo, kwa sababu nilikuwa sina jingine ninalojua. Siku moja nilileta pima maji yangu, ile ya kioo yenye kipovu, ili niangalie kama mlingoti uko wima. Mwanamke mmoja aliichukua, akaitazama, akanirudishia. "Hii inajua nyumba za watu," alisema, "lakini haijui nyumba ya mtu." Wakacheka wote, mama naye. Nilicheka pia, nikarudi kisimani.

Jana walimaliza kusiriba. Leo asubuhi ukuta ulikuwa bado na unyevu, na mke wa ndugu yangu, ambaye hakuna mtu atakayemsifu kwa hili, alimsihi mama angoje wiki moja, kifua chake kisiharibike. Mama alimshika shavu.

"Mama wa mapacha, nimelala kwenye unyevu nikiwa na huyu mgongoni," alisema, akinionyesha mimi kwa kidevu. "Nitalala tena."

Kutoka nyumba ya godoro alidai kitu kimoja tu. Alisimama sebuleni kwa ndugu yangu akagonga ule mlango, akasema, "Huu ni wangu. Niliahidiwa." Nilichukua bisibisi nikaung'oa bawabani. Tukaubeba mimi na ndugu yangu, tukaufunga kwenye miimo ya miti. Haukai sawa. Chini unaacha nafasi ya kupita kuku, na ni wa bati jeupe wenye namba ya kiwanda, kwenye ukuta wa udongo mbichi. Mama aliufungua, akaingia, akaufunga, akaufungua tena. Akafanya hivyo mara tatu. Halafu akaufunga na hakufungua.

Tulibaki nje sisi wawili tumeshika zana.

Kisha tulirudi ndani kuona alichoacha. Pazia la maua. Alama nne za miguu ya kitanda sakafuni. Kwenye kona moja, chini kabisa, kipande cha ule udongo wa mwaka wa kwanza, ukubwa wa kiganja, bado kimeshika kwenye bati, na mstari mmoja wa kidole chake juu yake. Sijui kwa nini hicho hakikuanguka. Kifundi sina maelezo.

Ndugu yangu aliinama akakigusa kwa kidole. Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayeuliza juu ya hali ya hewa, "Basi hizi mbili zilizobaki tunagawana moja moja?"

Nataka nimchukie kwa neno hilo. Ningependa niandike kwamba nilimfokea, nikatupa spana kijitoni. Lakini nilikuwa nimekwisha kuzitazama. Kabla hajafungua mdomo, macho yangu yalikuwa yamepima kutoka reli mpaka dirishani, nikawa nimeona kitanda cha mtoto wangu wa pili kitakavyokaa. Yeye alisema, mimi nilinyamaza. Tofauti yetu ni hiyo, na sina hakika kama iko upande wangu.

"Kesho," nilimwambia. "Leo tuache."

Jioni tumekula pamoja, familia zote mbili, jambo ambalo halijatokea tangu Krismasi: ugali wa muhogo na wimbi, ule tunaouita enyasa, majani makavu ya kunde yaliyopikwa kwa karanga, na samaki wakavu wa angara wawili waliogawiwa watoto. Mke wangu alipeleka sahani nyuma ya ghala, akarudi nayo imefunikwa vilevile. Moshi ulikuwa unatoka juu ya nyasi mpya, kwa hiyo mama alipika kwake. Sijui alikula nini.